Ondoa Kwanza za Zamani

Matombo,
2 Septemba 1997

Mtani wangu na mwanangu Rehani,

Nilikaa na baba yako meza moja katika chumba cha habari Dar es Salaam, kwa hiyo najua Mnyamwezi hasomi barua ndefu. Anasoma mwanzo na mwisho, katikati anaibeba tu kama mzigo. Nitajitahidi kuwa mfupi.

Tangu nistaafu na kurudi huku milimani, nimekuwa katibu wa chama cha wakulima wa viungo. Wafadhili waliofunga mradi wao mwaka juzi walituachia kompyuta, nayo imewekwa ofisi ya parokia kwa sababu huko ndiko kwenye jenereta. Ndani yake nimeandika kumbukumbu za mashamba: kila mwanachama na faili lake, shamba liko wapi, lina miti mingapi ya mdalasini, nani aliipanda, na kama lilipata kupigwa dawa. Nilizunguka nao mmoja mmoja mwezi Juni, baada ya mavuno.

Sasa kuna kampuni ya Dar es Salaam inayotaka kununua mdalasini wetu wote kwa bei nzuri. Sharti lao ni moja. Mkaguzi wao atakuja katikati ya Desemba, na atataka kumbukumbu hizo zikiwa zimechapwa kwenye karatasi. Bila karatasi hawanunui. Kwa neno langu mimi, watu wameacha kuwauzia walanguzi tangu masika. Dada yangu Martina amejaza magome chumbani mpaka juu ya kitanda, yeye analala jikoni na kuku. Walanguzi wanapita kila Jumamosi na bei yao inashuka kila Jumamosi.

Shida ni kwamba nikitaka kuchapa, mashine inaandika kwa Kiingereza kwamba kumbukumbu haitoshi, kisha inaganda. Nikiizima na kuiwasha, inaanza upya kwa unyenyekevu, halafu inaganda pale pale. Nimeipiga ubavuni, haikusaidia.

Wewe ndiwe fundi wa kompyuta, nieleze dawa yake. Barua mpe Kibwana, dereva wa lori la ndizi. Hulala Morogoro kila Jumanne, hapo nyuma ya soko.

Wako,
Laurenti Mkude


Morogoro,
11 Septemba 1997

Mtani baba mdogo Laurenti,

Shikamoo. Nimesoma mpaka katikati, ujue.

Usiipige tena. Mashine yako bila shaka ni 386, ni ya kale, ilikuja na RAM ndogo. Wakati inatengenezwa ilikuwa inatosha. Sasa faili zako zimekuwa nyingi na nzito, na programu unayotumia ni nzito zaidi. Inabidi tu-upgrade memory. Siyo kazi kubwa. Fungua casing, karibu na processor utaona vipande vidogo vyembamba vya kijani vimesimama kwenye slot. Hivyo ndivyo RAM. Hesabu viko vingapi, angalia kila kimoja kina chip ngapi nyeusi, nakili namba zilizoandikwa, uniletee. Kabla hujagusa kitu, shika kwanza chuma cha casing ili umeme wa mwilini mwako utoke. Siku hizi bandari imefunguliwa, vipuri vya mtumba vinaingia kutoka Dubai kila wiki, nitapata vinavyofanana.

Nisalimie shangazi Martina na kuku wake. Na nyinyi Waluguru mnaotembea mguu mmoja juu mwingine chini, angalia usiiangushe mashine mteremkoni.

Mwanao,
Rehani


Matombo,
21 Septemba 1997

Rehani,

Marahaba. Vipande ni vinne, kila kimoja kina chipu tisa nyeusi. Namba nimezinakili katika karatasi ya pili. Bisibisi nimeazima kwa fundi baiskeli, na chuma nimekishika kama ulivyosema, ingawa Severini, mwanachama wetu mwenye maneno mengi kuliko miti, alikuwa dirishani akiuliza kama naapa.

Sasa sikiliza. Barua yako ina maneno ambayo si Kiswahili wala Kinyamwezi. "Tu-upgrade memory" ni lugha gani? Nimekaa chumba cha habari nikikata maneno kama hayo kwa kalamu nyekundu mpaka vijana wakaniita Mchinjaji. Memory ni kumbukumbu. Casing ni kasha. Slot ni nafasi. Lugha ipo, ni uvivu tu. Huku juu si mimi peke yangu ninayesoma barua zako. Namsomea mwenyekiti, namsomea Martina, na wote wanataka kuelewa.

Maelekezo ya kazi yenyewe uyaandike kwa Kiswahili safi. La sivyo sitayafuata.

Laurenti Mkude,
Katibu


Morogoro,
7 Oktoba 1997

Mtani Mchinjaji,

Shikamoo. Vipande vinne vipya anakuja navyo Kibwana, nimevifunga kwenye karatasi ya sigara ile ya kung'aa, kisha kwenye kipande cha kanga. Mwambie asivikalie.

Maelekezo ni haya, kwa Kiswahili ulichokiamuru.

Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote: kumbukumbu mpya hazikai pamoja na za zamani. Ukizichanganya, mashine haitafanya kazi kabisa. Kwa hiyo ondoa kwanza za zamani zote. Usibakize hata moja kwa kuihurumia, hata kama unaona bado ni nzima. Najua tabia yenu wazee, hamtupi kitu.

Kazi yenyewe: zima mashine, chomoa waya, fungua kasha, shika chuma. Kila kipande kina pengo dogo upande mmoja, pengo hilo lifuate alama ya kwenye nafasi. Kiingize kikiwa kimeinama kidogo, halafu kisimamishe polepole mpaka vishikizo vya pembeni vilie "tik". Kisipolia, hakijakaa. Ukiwasha, mashine itahesabu yenyewe na kukuuliza kama ukubwa mpya ni sahihi. Kubali.

Nimetumia jioni nzima kutafuta neno "vishikizo". Natumaini mwenyekiti ameelewa.

Mwanao,
Rehani


Matombo,
19 Oktoba 1997

Rehani,

Marahaba. Nimefuata maelekezo yako neno kwa neno, na sasa nina maswali mawili. Nakuomba uyajibu bila utani kwa kuwa nimeshakereka.

Kumbukumbu za zamani nimeziondoa zote. Nakiri nilisita. Nilimsomea mwenyekiti barua yako mara mbili. Alisema fundi ni fundi, na kama mpya hazikai na za zamani basi hazikai, hata ndoa ziko hivyo. Mashine yenyewe ilisita. Nilipoiamuru kufuta faili zote, iliuliza kama nina uhakika. Niliiambia ndiyo. Halikubaki hata faili moja, kama ulivyoagiza.

Swali la kwanza. Nilifungua kasha nikiwa na vipande vyako vinne mkononi, nikakuta nafasi zote nne zimejaa. Vile vile vipande nilivyokuhesabia mwezi uliopita bado vimekaa mle. Sasa vipya niviweke wapi? Fundi unatumaje vitu vinne mahali ambapo hapana nafasi hata ya kimoja, hali nilikuandikia idadi?

Swali la pili. Hizi kumbukumbu mpya zinaingia lini? Nimewasha mashine, ni tupu kama kanisa Jumatatu. Nilidhani zitakuja ndani ya hivyo vipande.

Mvua zimeanza mapema na hazifanani na za kawaida. Redio imezipa jina la Kihispania. Martina ameanza kuona ukungu kwenye magome ya chini.

Laurenti Mkude


Morogoro,
28 Oktoba 1997

Baba mdogo,

USIGUSE MASHINE. Usiandike kitu. Usiiwashe. Hata barua kwa padre usiandike humo. Kama imewashwa, chomoa waya sasa hivi, ndipo uendelee kusoma.

Kumbukumbu nilizosema ni VIPANDE. Vijiti vya kijani. Uondoe vijiti vya zamani, uweke vijiti vipya. Wewe mwenyewe ndiwe uliyekataza neno memory! Kwa Kiingereza chetu kibovu hata Kibwana angeelewa.

Sasa sikiliza vizuri. Mashine ikiambiwa ifute, haifuti maneno. Inafuta herufi ya kwanza ya jina la faili, kisha inatangaza kwamba mahali pale pako wazi. Ni kama shamba ambalo mwenyewe ametangazwa amekufa. Migomba bado imesimama, lakini yeyote anaweza kuja na jembe. Ukiandika kitu kipya, kinalimwa juu ya cha zamani, na hapo hakuna fundi duniani atakayekirudisha. Usipoandika, faili zinaweza kurudi.

Una nakala kwenye disketi? Una maandishi ya mkono? Nijibu haraka. Nyongeza, tarehe 30: nilimpa Kibwana barua hii jana lakini amerudi nayo. Anasema barabara imekatika mbele ya Mkuyuni. Anajaribu tena kesho.

Rehani


Matombo,
30 Oktoba 1997

Rehani,

Sijapata jibu lako na Desemba haisubiri. Nimeamua mwenyewe. Ikiwa kumbukumbu mpya haziji ndani ya vipande, basi maana yako ni kwamba niziandike upya. Nimemwita kila mwanachama aje tena ofisini, na toka Jumatatu naandika kutwa. Jenereta wameniruhusu mchana.

Kuna jambo linanisumbua. Watu ni wale wale, maswali ni yale yale, lakini majibu yamenenepa. Mama mmoja wa kule juu, Mariamu, nakumbuka mwezi Juni alikuwa na miti kama arobaini. Juzi amenitajia mia na sitini bila kupepesa macho. Nikamwuliza imetoka wapi. Akasema, "Imeota, katibu. Hujaona mvua?"

Severini amekuja akiwa amevaa koti. Miti yake, ambayo nakumbuka ilikuwa inahesabika ukiwa umekaa, sasa ni mia tatu.

"Severini, Juni ulisema mingapi?"

"Juni nilikuwa na homa."

Dada yangu mwenyewe amefanya hivyo hivyo. Nilimwambia Martina kwamba mkaguzi si mjinga, na kwamba akikuta karatasi inasema hivi na shamba linasema vile, kampuni itaondoka na sote tutabaki na magome yenye ukungu. Alisema mimi nimekaa Dar es Salaam muda mrefu mno. Tangu siku hiyo hanisemeshi ila kupitia kuku.

Naandika wanachosema. Kazi ya mwandishi ni kuandika kilichosemwa. Lakini sijapata kukereka hivi tangu uchaguzi.

Laurenti Mkude


Matombo,
6 Novemba 1997

Rehani,

Barua yako ya tarehe 28 imefika leo, imelowa, wino umekwenda, lakini herufi kubwa zinasomeka.

Nimechomoa waya.

Nilikuwa nimeshaandika watu karibu nusu.

Kuhusu nakala: disketi za mradi zililiwa na ukungu mwaka jana. Maandishi ya mkono hakuna. Niliwarekodi kwenye kanda za kaseti, nikaandika kwenye mashine nikisikiliza. Kanda zenyewe niliazima kwa wanakwaya. Nilipomaliza, walizitaka. Sasa ukisikiliza, unasikia nyimbo za Noeli, sauti ya pili ikiwa imepotea kidogo, na katikati ya wimbo mmoja mtu anasema "mpaka kwenye mwembe ule" halafu wanaendelea kuimba. Hicho ndicho kilichobaki.

Usiseme kitu. Nimeshajisemea.

Lakini nataka liandikwe mahali kwamba barua yako ilisema "ondoa kwanza za zamani zote". Nimeisoma tena. Katika maelekezo yenyewe haikutaja vipande mpaka aya ya pili, na hata hapo haikusema vya zamani vitolewe. Haina kosa la Kiswahili. Ni Kiswahili kizuri kuliko vyote ulivyowahi kuniandikia.

Laurenti


Morogoro,
11 Novemba 1997

Baba mdogo,

Shikamoo. Umerekodi juu ya kanda za kwaya. Mwandishi wa habari. Sawa, sisemi kitu.

Na ni kweli, niliandika vibaya. Kwetu mafundi hakuna anayesikia "kumbukumbu" akafikiria kitu kingine. Nilisahau kwamba nyinyi mna za kwenu.

Nakuja mwenyewe. Kibwana atanifikisha barabara inapokatikia, kutoka hapo natembea. Mwambie shangazi Martina aniwekee mahali pa kulala pasipo na mdalasini wala kuku, kama papo. Mashine ikae bila umeme mpaka nifike. Mtu akitaka kuiwasha, mkalie.

Rehani


Morogoro,
25 Novemba 1997

Mtani baba mdogo,

Shikamoo. Nimefika salama, viatu havikufika. Na tafadhali usiniambie tena habari za Wanyamwezi na mizigo. Nani alinifungia mkungu wa ndizi, akaniwekea kichwani mbele ya watu, na kusema "hii ndiyo fani ya kwao"? Niliubeba mpaka Mkuyuni kwa hasira tu.

Nakuandikia yale ambayo sikuyasema pale ofisini kwa sababu watu walikuwa wengi dirishani.

Zaidi ya nusu ya faili zimerudi. Zile ulizoziandikia juu zimekwenda moja kwa moja, na faili la shangazi Martina ni mojawapo. Pole. Nimejaribu njia zote ninazozijua.

Zilizorudi, umeona mwenyewe kazi yake. Mashine ilipokuwa inauliza herufi ya kwanza ya kila jina, nilidhani tutamaliza kwa saa moja. Sikujua kwamba Halima na Salima ni ndugu, wote wajane, wote wana shamba, na kwamba limebaki faili moja tu la "alima". Sijapata kuona watu wanapigania herufi. Ingekuwa si wewe kulifungua na kusoma kwamba shamba liko juu ya kisima, wangepigana mbele ya sanamu ya Bikira. Na Salima bado anasema kisima kilihamishwa.

Vijiti vipya vimekaa, vyote vinne vimelia "tik". Mashine ina nguvu mara nne ya zamani. Nilijaribu kuchapa kurasa zote mfululizo, printa ikachapa bila kuganda. Hiyo kazi imekwisha.

Lililobaki si la kwangu, lakini nalisema. Sasa una watu wenye faili mbili, la Juni na la Oktoba, na la Oktoba siku zote ndilo kubwa. Una wengine wenye la Oktoba tu. Ukimpa mkaguzi ya Juni, wenye la Oktoba tu watakuwa matajiri wa ghafla na wenzao watakuua. Ukimpa ya Oktoba, na miti haipo, kampuni itaondoka. Mimi ni fundi, naweza kuongeza memory, siwezi kuongeza miti. Na ndiyo, nimeandika memory. Kata ukitaka.

Nimeacha disketi sita mpya kwenye kopo la maziwa. Weka nakala. Kila siku. Usiwaazimishe wanakwaya.

Mwanao,
Rehani


Matombo,
22 Desemba 1997

Rehani mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kuandika kwa sababu barabara ilikuwa haipitiki na mimi nilikuwa shambani. Nakueleza mambo kwa mpangilio.

Baada ya barua yako niliamua kuanza na Martina. Faili lake la Juni limepotea, la Oktoba silipendi, na ni dada yangu. Ikiwa nitamwambia mtu kwamba ni mwongo, afadhali nianze na wa nyumba moja. Nilikwenda naye kwenye shamba lake mvua ikinyesha. Alikuwa hajaanza kunisemesha, lakini alikubali kuhesabu kwa sauti.

Tulisimama kwenye mti wa kwanza. "Minne," akasema.

"Naona mmoja."

"Angalia vizuri."

"Martina, huu ni mti mmoja."

"Hilo ni shina. Miti ni hii hapa, moja, mbili, tatu, nne. Au unataka nikubandulie magome kutoka kwenye shina?"

Ni kweli. Mdalasini ukiukata, kisiki hakifi. Kinatoa machipukizi, na magome ya mavuno yanayofuata yanatoka kwenye machipukizi hayo. Nimezaliwa hapa, nalijua hilo tangu mtoto. Nikamwuliza kwa nini mwezi Juni alinitajia idadi ndogo vile.

"Juni tulikuwa tumetoka kukata," akasema. "Shamba zima visiki vitupu. Ulikuja na kaseti yako ukauliza miti mingapi. Ulitaka nikuhesabie nini, hewa? Nikakuhesabia visiki. Mwezi wa kumi ukauliza tena miti mingapi. Ilikuwa imeota. Nikakuhesabia iliyoota. Halafu unanitazama kama mwizi."

"Ungeniambia."

"Uliniuliza? Wewe ukishika kalamu unauliza swali moja, unasubiri jibu moja."

Nikaanza kuhesabu. Mashina nilihesabu mimi, machipukizi alihesabu yeye, tukafika mwisho wa shamba bila ugomvi kwa sababu kila mmoja alikuwa na hesabu yake. Mariamu naye ni hivyo hivyo: arobaini mara nne ni mia na sitini. Ningegawanya tu, ningeona siku ile ile. Sikugawanya kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba wananidanganya.

Nimefungua faili zote upya, kila moja na safu mbili, mashina na machipukizi. Wasio na faili mbili nimewafuata shambani mmoja mmoja, na wale wenye mbili nimelinganisha la Juni na la Oktoba. Kwa karibu wote yanaoana. Salima amepewa faili lake mwenyewe, na nimeandika humo kwamba kisima hakijawahi kuhama. Nakala nimeweka kwenye disketi, kila siku, kama ulivyosema.

Mkaguzi alifika tarehe 15. Ni mwanamke kijana anaitwa Joyce, alipanda kwa miguu akiwa na koti la mvua na buti za mpira, na alikuwa amekasirika kabla hajaona kitu. Nilimkabidhi karatasi. Hakuketi. Swali lake la kwanza, akiwa bado mlangoni:

"Mnahesabu mashina au machipukizi?"

Martina alinigeukia, akainua vidole vinne.

Joyce alichagua mashamba matatu mwenyewe kwa kufumba macho na kuweka kidole kwenye karatasi. La kwanza lilikuwa la Halima, la pili la Martina. Alihesabu mistari kadhaa, akakwaruza magome, akanusa, akaangalia kwenye karatasi, akaweka alama. Kwa Martina alikaa kidogo zaidi kwa sababu ya ule ukungu wa magome ya chini. Alikataa mzigo mmoja, akakubali mingine yote. Martina alimwambia ule mmoja ulilowa kwa sababu ya kaka yake na kompyuta. Joyce aliandika. Sijui aliandika nini.

Kidole cha tatu kilimwangukia Severini.

Faili lake la Juni lilisema ishirini na tatu, la Oktoba mia tatu, na hesabu hiyo haigawanyiki kwa njia yoyote. Kwake sikuwa nimekwenda. Kila nilipopanga, alikuwa na msiba Kisaki. Joyce alikuta mashina ishirini na matatu ya kwake. Mengine aliyoonyeshwa ni ya mdogo wake, na yaliyofuata yalikuwa kwenye uzio wa masista. Severini alisema anayalinda. Joyce alimfuta kwenye karatasi kwa mstari mmoja ulionyooka, akasema wengine wote wamepita, na huyu akiandikwa vizuri atafikiriwa lori la pili mwezi Januari.

Mdalasini umeondoka Jumanne. Watu walibeba kichwani mpaka barabara inapokatikia, Kibwana akapakia. Walanguzi walikuja Jumamosi iliyofuata kama kawaida yao, wakakuta nyumba tupu, wakaniuliza nimefanya nini. Niliwauzia ndizi. Martina amerudi chumbani kwake, analalamika kwamba kuku wanamfuata.

Mwenyekiti anataka tukushukuru rasmi kwenye mkutano. Nimemwambia uletewe viatu.

Severini yuko hapa mbele yangu ninapoandika. Amekuja asubuhi akiwa amevaa koti, amevuta kiti karibu na mashine, na anasema tufungue faili lake tuanze upya, ila mara hii nimwulize taratibu kwa sababu nikimharakisha kichwa kinachanganyikiwa. Anasema yuko tayari kwa swali la kwanza.

Nimezima mashine. Nimemwambia avue koti, avae buti.

Wako,
Laurenti